Guignol wa Lyon na Mashahidi Wake Wadogo

Mtu mzima aingiapo mahali pa mchezo wa vikaragosi pamoja na watoto wadogo hupata maonyesho mawili kwa malipo ya moja. Onyesho la kwanza liko mbele yake, ndani ya kibanda kidogo chenye pazia. La pili liko kando yake, katika nyuso za watoto waliokaa juu ya mabao. La kwanza ni la mti na nguo. La pili ni la damu na nyama. Mwenye busara huyagawia macho yake sawasawa.

Pazia hufunguka. Kichwa kidogo cha mti huchomoza, huinama kushoto na kulia, kisha huwauliza watoto hali zao. Wao hujibu kwa sauti moja, kana kwamba wamesalimiwa na jirani waliyemjua tangu kuzaliwa. Punde mwizi huja kwa kunyata nyuma ya mgongo wa mwenyeji huyo. Hapo ndipo mabao huwa hayakaliki. Watoto huinuka, hunyosha vidole, hupaza sauti: nyuma yako, nyuma yako! Kikaragosi hugeukia upande usio wenyewe, nao huona uchungu kwa uzito wa kusikia kwake. Mmoja hufumba macho. Mwingine hutoka mbio kumkimbilia mama yake, na akiisha kufika hugeuka akatazama tena, kwa sababu kutojua mwisho ni kuzito kuliko hofu.

Mwaka wa 1963 mpiga picha mmoja, Alfred Eisenstaedt, alikwenda katika bustani ya Tuileries mjini Paris, ambako watoto walikuwa wakitazama vikaragosi. Mchezo ulikuwa juu ya Mtakatifu George na joka. Joka lilipouawa, yeye hakuielekeza kamera yake kwenye joka. Aliielekeza kwa watazamaji. Katika picha ile, ambayo imekuwa mojawapo ya picha zijulikanazo sana duniani, hakuna kibanda wala kikaragosi. Kuna nyuso za watoto tu. Mmoja amepanua kinywa kwa ukelele wa ushindi, wa pili ameshikwa na hofu, na wa tatu hajui bado kama acheke au alie. Eisenstaedt hakuwa mgeni wa mambo makubwa. Alijeruhiwa vitani akiwa askari katika Vita Vikuu vya Kwanza; aliwapiga picha Hitler na Mussolini walipokutana mara ya kwanza mjini Venice mwaka wa 1934; na mwaka uliofuata aliihama Ujerumani akaenda Marekani. Jicho lililokuwa limetazama mengi kiasi hicho liliona kwamba nyuso za watoto mbele ya joka la mti ni jambo la kuwekewa kumbukumbu.

Je, watoto wale walidanganywa? Watu wazima wengi husema ndiyo, tena husema kwa kicheko cha upole. Mtoto, wasema, haujui mti na haujui mtu. Hana akili ya kutambua kwamba ndani ya nguo ile kuna mkono. Mimi siafiki. Lakini jambo hili halikatwi kwa maneno matupu. Yatupasa kwanza kujua kikaragosi kile kilitoka wapi, kilisema nini zamani, na kwa nini kilikuja kukaa na watoto.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu husema karagosi, na neno hilo ni msafiri. Kwao ni Uturuki, ambako Karagöz, yaani Jicho Jeusi, ni jina la mtu wa mzaha katika mchezo wa vivuli. Picha za ngozi iliyokatwa na kutiwa rangi hushikwa nyuma ya kitambaa cheupe, taa huwashwa, na kivuli hutembea na kusema. Karagöz ni mtu asiye na elimu wala mali, lakini ulimi wake ni mwepesi. Mwenziwe Hacivat ni mtu wa maneno makubwa na adabu nyingi. Wawili hao walibishana mbele ya watu kwa karne nyingi, hasa katika usiku wa mwezi wa Ramadhani, na mara nyingi mjinga ndiye aliyemshinda mwerevu. Kupitia nchi za Waarabu jina la Karagöz lilivuka bahari hata likafika katika pwani yetu. Kwa hiyo kila Mswahili atajaye karagosi humtaja maskini mmoja wa Kituruki bila ya kujua.

Maskini huyo ana ndugu zake katika nchi nyingine. Waingereza wanaye Punch, aliyetoka Italia. Samuel Pepys aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba tarehe 9 Mei 1662 aliona mchezo wa vikaragosi vya Kitaliano katika uwanja wa Covent Garden, London. Wafaransa wanaye Guignol, ambaye jina lake kwa matamshi yetu ni Ginyoli. Huyu ndiye nitakayesimulia habari zake, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha waziwazi jinsi sauti ya watu wazima wenye njaa ilivyogeuka kuwa mchezo wa watoto.

Mji wa Lyon umekaa mahali ambapo mito miwili, Rhône na Saône, hukutana. Kwa karne nyingi mji huo ulijulikana kwa hariri. Wafumaji wake walivaza wafalme, maaskofu na mabibi wa majumba makubwa, na wao wenyewe walivaa nguo za kawaida. Katika jamaa ya wafumaji hao alizaliwa Laurent Mourguet, mwaka wa 1769. Alifundishwa kazi ya baba zake kama desturi ilivyokuwa. Kusoma hakujua. Alikuwa bado kijana alipooa, na mapinduzi makuu ya Ufaransa yalipotokea mwaka wa 1789 alikuwa na miaka ishirini tu.

Mapinduzi yalipowaangusha wakuu, yaliwaangusha pia wanunuzi wa hariri. Mwaka wa 1793 mji wa Lyon uliasi serikali ya Paris, ukazingirwa na majeshi kwa muda wa miezi miwili, ukashindwa na kuadhibiwa vikali. Vitanda vya kufumia vikanyamaza. Mfumaji asiye na uzi ni kama mvuvi asiye na bahari. Mourguet akawa mchuuzi wa vitu vidogovidogo, akizunguka huku na huko katika masoko. Kisha, mwaka wa 1797, akashika kazi ya kung'oa meno.

Msomaji wa leo asifikiri juu ya chumba kisafi na sindano ya ganzi. Mng'oa meno wa siku zile alifanya kazi yake uwanjani, mbele ya macho ya watu. Mourguet aling'oa bure. Faida yake ilitoka katika dawa za maumivu alizouza baada ya jino kutoka. Kwa kazi ya namna hiyo ilihitajiwa hila ya kuwakusanya watu na kuwasahaulisha hofu. Yeye akaweka kibanda kidogo karibu na kiti chake, akatia mikono yake ndani ya vikaragosi vya namna ya Kitaliano, akachezesha. Watu wakaja. Walicheka hata wakasahau koleo. Katika muda wa miaka michache ikadhihirika kwamba watu walipenda vikaragosi kuliko dawa. Mourguet akaliacha koleo, akawa mchezeshaji wa vikaragosi na si kitu kingine.

Hapo mwanzo alitumia watu wa mchezo waliozoewa toka Italia. Lakini wasikilizaji wake walikuwa wafumaji, wapagazi, waosha nguo na washona viatu wa Lyon. Walitaka kusikia habari zao. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, akajua kodi ya nyumba ina uzito gani na mkate una bei gani. Basi akaanza kuchonga watu wapya. Wa kwanza alikuwa Gnafron, mshona viatu mwenye pua nyekundu apendaye divai kuliko maji. Huyo alimchukua katika sura ya rafiki aliyecheza naye. Karibu na mwaka wa 1808 akatokea Guignol: uso wa mviringo, macho yaliyofumbuka sana kana kwamba ulimwengu unamshangaza kila siku, kofia nyeusi, na nywele zilizosukwa mkia mmoja nyuma. Akapewa mke, Madelon, aliyemgombeza kwa haki na bila haki. Akapewa adui pia: mwenye nyumba adaiye kodi, hakimu, na askari.

Guignol hana miguu. Wala haihitaji, kwa kuwa ubao wa kibanda humficha tangu kiuno kushuka chini. Kidole cha shahada hukaa ndani ya shingo yake na kukiongoza kichwa. Kidole gumba huwa mkono mmoja, na cha kati huwa mkono wa pili. Mchezeshaji ana mikono miwili, basi ana watu wawili, na mchezo wote hutungwa kwa sheria hiyo. Watatu wakitakiwa, yahitajiwa mchezeshaji wa pili. Uso wa mti haucheki wala haununi. Hubaki vilevile tangu mwanzo hata mwisho, na mtazamaji ndiye autiaye huzuni au furaha kutoka katika moyo wake mwenyewe.

Katika mchezo mmoja ujulikanao sana Guignol ameshindwa kulipa kodi. Usiku anajaribu kuhama kwa siri na vyombo vyake vichache, naye mwenye nyumba anatokea. Hadithi ni hiyo tu. Lakini fikiri ilivyosikika katika masikio ya watu waliokuwa nao wanadaiwa kodi! Katika vitongoji vya Lyon, na hasa juu ya kilima cha Croix-Rousse, wafumaji waliishi na kufanya kazi katika chumba kimoja kirefu cha dari, kwa sababu vitanda vipya vilivyobuniwa na Jacquard, mtu wa mji huohuo, mwaka wa 1804, havikuenea katika vyumba vifupi. Bei ya kazi yao ilipangwa na wafanyabiashara. Mwaka wa 1831 walipodai bei isiyopunguzwa na wakanyimwa, waliinuka na kuushika mji. Mwaka wa 1834 waliinuka tena. Mara zote mbili majeshi yaliletwa, na mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Sisemi kwamba kikaragosi kilileta maasi. Njaa haihitaji mwalimu. Nasema kwamba katika mji ambao mfumaji alipigwa risasi kwa kudai haki, palikuwa na mfumaji mmoja wa mti aliyempiga askari kwa gongo kila jioni, na watu wakampigia makofi.

Mourguet alifariki mwaka wa 1844 katika mji wa Vienne. Watoto na wakwe zake wakauendeleza mchezo. Hawakuwa na kitabu. Kila mmoja alijua kiini cha hadithi, na maneno yakatungwa papo kwa papo, kulingana na habari za siku ile na sura za watu walioketi mbele. Huo ulikuwa uhai wa Guignol, na uhai huo ndio uliowaudhi wakuu. Mwaka wa 1852, Louis-Napoléon alipokuwa akijitengenezea kiti cha ufalme, serikali iliagiza kwamba mchezo usichezwe mpaka maneno yake yaandikwe na kupelekwa kwa wakaguzi. Neno lisiloandikwa likawa kosa.

Hapa pana fundisho ambalo yatupasa kulitazama pande zote mbili. Agizo lile lilikuwa kifungo. Mtu ambaye elimu yake ilikuwa masikioni na kinywani alilazimishwa kusimama mbele ya kalamu, na utani wa jioni ukangojea muhuri wa asubuhi. Hata hivyo, hakimu mmoja wa Lyon, Jean-Baptiste Onofrio, aliyeupenda mchezo huo tangu zamani, alikusanya hadithi za Guignol na kuzichapisha katika kitabu mwaka wa 1865, pasipo kutia jina lake. Bila ya kazi yake mengi yangalipotea. Lakini alipoziandika alizisafisha. Maneno makali yaliondolewa, na ghadhabu ikapunguzwa. Kalamu ile iliyookoa ndiyo iliyopunguza. Sisi ambao babu na bibi zetu walituachia hadithi zisizoandikwa twajua vema mashaka hayo: asiyeandika hupoteza, na aandikaye hupoteza pia, ingawa kwa namna nyingine.

Polepole, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Guignol aliacha vilabu vya divai akaingia katika bustani za mji. Alitoka Lyon akaenda Paris. Watu wazima walipata burudani nyingine. Mwaka wa 1895, katika mji huohuo wa Lyon, ndugu wawili wa jamaa ya Lumière waliwapiga picha wafanyakazi wakitoka kiwandani, picha zikatembea juu ya kitambaa, na sinema ikazaliwa. Kikaragosi kilibaki na watazamaji ambao hawakuwa na fedha wala haki ya kupiga kura: watoto wadogo. Wengi walisema kwamba kimekufa. Waliona haya kwamba yule aliyekuwa sauti ya wafumaji sasa anawindana na mwizi wa maandazi.

Mimi naona kwamba hakufa. Alipelekwa mahali pa usalama. Maana mkaguzi aweza kuyapitisha maneno yote ya mchezeshaji, lakini hawezi kuyapitisha maneno ya mtoto wa miaka minne. Guignol awaulizapo watoto mwizi amekwenda wapi, hapana kitabu kiwezacho kueleza watajibu nini. Siku moja husema kweli wote. Siku nyingine mmoja humhurumia mwizi na kusema uongo. Mchezeshaji hana budi kutunga papo kwa papo, kama Mourguet alivyotunga karibu na kiti cha meno. Sheria ya mwaka wa 1852 ilikataza neno lisiloandikwa. Watoto wakalirudisha bila ya kujua kwamba liliwahi kukatazwa.

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Mtoto apigaye kelele mbele ya kibanda hajadanganywa. Mpe nafasi baada ya mchezo, naye atakwenda nyuma ya pazia kumtafuta mwenye mikono. Hilo ni thibitisho kwamba alijua yuko. Ila alikubali kuliweka kando jambo alijualo ili apate kuona jambo asilolijua. Sisi hufanya vivyo hivyo tusomapo hadithi na kumlilia mtu ambaye hakuishi. Tofauti ni hii: sisi hulia kimya, naye husimama na kutoa ushahidi. Ameuona uovu ukija kwa kunyata, amemwona mtu asiye na habari, na hawezi kunyamaza. Kuna watu wazima wengi waliokaa kimya kwa mambo makubwa kuliko hayo.

Tena sinema haimsikii. Mtoto akipiga kelele mbele ya picha iliyo juu ya kitambaa, au katika televisheni, au katika simu ya mkononi, mwizi huendelea na safari yake kama kwamba hapana mtu aliyesema. Mbele ya kikaragosi sauti yake hufanya kazi. Guignol hugeuka, gongo huinuka, mambo hubadilika. Ni shule ndogo sana, lakini somo lake si dogo: kwamba aonaye ana wajibu wa kusema, na kwamba kusema kwaweza kuugeuza mwisho wa jambo.

Somo hilo halikukaa Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1990 vikundi vya vikaragosi vilizunguka katika miji na vijiji vya Kenya kuwaeleza watu habari za UKIMWI. Mambo ambayo wazazi waliona haya kuyatamka mbele ya watoto wao, kikaragosi kiliyatamka, na hapana aliyeweza kukigombeza kwa kukosa adabu, kwa kuwa mti hauna mzazi. Mwaka wa 2009 vikaragosi vyenye sura za wakubwa wa nchi vilianza kuonekana katika televisheni za Kenya, katika mchezo uitwao The XYZ Show, uliobuniwa na mchora katuni Gado. Wananchi walicheka, na wakubwa wakajiona. Hivyo ndivyo jamaa ya Karagöz na Guignol ilivyofika kwetu, ikiwa na desturi ileile ya kumpa mnyonge nafasi ya kumjibu mwenye nguvu.

Katika Lyon sanamu ya Laurent Mourguet ilisimamishwa mwaka wa 1912. Ni heshima impasayo mtu aliyeanza na koleo la meno. Lakini sanamu hutazamwa kwa kimya, na Mourguet hakuzoea kimya. Kumbukumbu yake iliyo bora zaidi ni ile itokeayo palipo na kibanda, pazia na mabao mafupi, wakati mwizi anaponyata nyuma ya mtu asiye na habari, na watoto thelathini, ambao hawajajua kusoma, wanainuka pamoja kumwambia ageuke.